Video au kitabu? Maswali ya wanafunzi wa utabibu wa Lamu

Mimi ni afisa wa kliniki, na jioni nyingi baada ya Isha hukaa kwenye baraza moja mtaa wa Langoni na wanafunzi wa utabibu na uuguzi: wanaosoma KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, hapa Lamu, na wanaosoma Mombasa au Nairobi wanapokuja likizo. Swali la video au kitabu halikosi. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu anayeuliza ana miaka mitatu ya diploma au sita ya digrii mbele yake, ana simu moja, na pesa za data zinatoka kwa mzazi anayevua au anayeuza mboga sokoni. Hana saa za kupoteza. Haya ndiyo maswali yanayorudi zaidi, na ndivyo ninavyoyajibu.

Kwa ufupi, nitazame video au nisome kitabu?

Jiulize kwanza unajifunza kitu gani. Kinachosogea au kutoa sauti, kitazame. Chenye kipimo, mpangilio na sababu, kisome. Cha mkono, kishike. Wengi wanaokwama wana bidii tele, ila walitazama kilichotaka kusomwa, au walisoma kilichotaka kushikwa.

Ni vitu gani ambavyo video inakipita kitabu kwa mbali?

Chukua mtoto mwenye nimonia. Kitabu kinakwambia utafute kubonyea kwa sehemu ya chini ya kifua. Unayasoma maneno hayo mara kumi, unayakariri, halafu unaingia wodini, mtoto mwenye dalili hiyo hiyo yuko mbele yako na huioni, maana hujawahi kujua inafananaje. Video ya sekunde kumi ya mtoto aliyevuliwa shati inamaliza kazi: anapovuta pumzi tumbo linatoka, na pale mbavu zinapoishia kifua kinaingia ndani wakati kilipaswa kutanuka. Ukishaiona kwa watoto watatu tofauti, jicho lako litaidaka lenyewe.

Sauti ni vivyo hivyo. Mkwaruzo mkali anaoutoa mtoto akivuta pumzi, hali ametulia wala halii, ni hatari ya njia ya juu ya hewa. Mluzi unaosikika akitoa pumzi ni habari ya mirija ya chini, kama kwenye pumu. Kwenye karatasi hizo ni sentensi mbili zinazofanana; masikioni ni mbingu na ardhi. Kelele za vali za moyo, mwendo wa mtu aliyepata kiharusi, degedege za mtoto mchanga ambazo mara nyingi hazitikisi mwili mzima, huwa ni kumumunya midomo tu na kupiga miguu kama anayeendesha baiskeli: yote hayo yatazame.

Halafu kuna maumbo yanayojipinda. Matumbo ya mtoto aliye tumboni hutoka na kuingia kwenye kitovu karibu wiki ya 6, hurudi ndani karibu wiki ya 10, na mpaka yakae mahali pake yanakuwa yamezunguka nyuzi 270 kinyume cha mwendo wa saa. Mimi niliisoma habari hii kwenye ukurasa uliojaa mishale, nikalala bila kuelewa. Niliielewa siku niliyoona picha inayosogea, kisha nikachukua kipande cha kamba ya ngalawa nikakizungusha mwenyewe kwenye kidole, kidole kikiwa ndio ule mshipa mkubwa wa damu ya matumbo. Mpaka leo nikifikiria matumbo yaliyojisokota, naiona ile kamba.

Na kitabu kinashinda wapi?

Kwenye namba kwanza. Chukua artesunate ya sindano kwa malaria kali. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo; wa kilo 20 na kuendelea, miligramu 2.4 kwa kila kilo. Anapoingia, baada ya saa 12, na saa 24. Kwa hiyo mtoto wa kilo 14 atapata miligramu 42. Hii si habari ya kuisikia ikipita. Kwa Kiingereza cha haraka, kumi na tano na hamsini vinatofautiana kwa sauti ndogo mno mwishoni mwa neno, na nimeshaona daftari la mwanafunzi limeandikwa 50 mahali pa 15, ameandika huku video ikikimbia. Jedwali lililochapishwa halina lafudhi.

Kwenye sababu pia. Kwa nini maji ya ORS anayopewa mtoto anayehara yana sukari pamoja na chumvi? Kwa sababu glukosi na sodiamu huvuka ukuta wa utumbo kwa mlango mmoja, zikiwa pamoja, na maji huzifuata. Sentensi kama hiyo inataka usimame juu yake kidogo. Ukisoma, jicho linarudi nyuma lenyewe panapokuwa pagumu. Video unaweza kuisimamisha, ndiyo, lakini nimekaa na wanafunzi wengi wakitazama na ni wachache mno wanaoisimamisha.

Na kwenye kutafuta. Usiku wa zamu, ukiwa na dakika moja, kijitabu cha mwongozo kilichochakaa kinafunguka chenyewe kwenye ukurasa unaoutaka. Video ya dakika 20 haitakusaidia kitu saa hiyo.

Nimetazama video mara tano na naelewa kila kitu. Mbona nikiulizwa nakwama?

Kama utasoma jibu moja tu hapa, soma hili.

Kuelewa unapoonyeshwa ni jambo moja, kuweza kufanya ni jingine, na video ni hodari wa kuyachanganya. Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien walichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa kitendo, kwa mfano kurusha vishale kwenye shabaha. Baadhi walionyeshwa mara 1, wengine mara 20. Waliotazama mara 20 walijiamini zaidi kwamba wangeweza. Walipopewa vishale warushe, hawakuwashinda waliotazama mara 1.

Mimi nilijionea kabla ya kuusoma utafiti huo. Nikiwa mwanafunzi nilitazama video ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua mpaka nikawa nasema maneno ya msimulizi kabla yake. Nilijua kwamba dakika ya kwanza ndiyo dakika ya dhahabu. Usiku mmoja, kwenye hospitali niliyopelekwa kwa mazoezi, akazaliwa mtoto mlegevu, halii. Tukamkausha, tukamsugua mgongo, kimya. Muuguzi wa zamu akanipa mfuko wa Ambu, ule wa kubinya kwa mkono ili kumpulizia mtoto hewa. Nikaweka barakoa usoni mwa mtoto, nikabinya, na pembeni mwa shavu nikasikia *fsss*. Hewa yote inatoka nje, kifua hakipandi. Nikabinya kwa nguvu zaidi, na *fsss* ikawa kubwa zaidi.

Yule muuguzi hakunisukuma kando. Aliweka mkono wake juu ya wangu. Kidole gumba na cha shahada vikaizunguka barakoa kama herufi C, vidole vitatu vilivyobaki vikaingia chini ya mfupa wa taya, na mimi niliyekuwa nikiikandamiza barakoa chini nikahisi taya likiinuliwa juu kuifuata. Kichwa cha mtoto akakirudisha nyuma kidogo sana, kikakaa kama cha mtu anayenusa kitu. "Sasa binya." Kifua kikapanda. Kilipanda kidogo tu, kama kifuniko cha sufuria ya wali kinavyoinuliwa na mvuke. Baada ya muda mtoto akalia, na mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Video ilikuwa imenionyesha ile C na vile vidole vitatu. Nilikuwa nimeviona mara nyingi. Lakini kidole changu hakikuwa kimewahi kuukuta mfupa wa taya. Tangu usiku ule, mwanafunzi akiniambia ametazama video ya kitendo fulani, namuuliza ameshika mara ngapi.

Kwa hiyo fanya hivi. Tazama mara moja kwa makini, mara ya pili ukiandika hatua. Zima. Zitaje hatua kwa sauti bila kuangalia. Kisha ufanye kwa mikono, mwenzako akiwa na orodha mkononi anakukosoa. Chuo kina sanamu za mazoezi. Ziombeni hata baada ya masomo, zinakaa kabatini bure. Nyumbani, leso iliyoviringishwa vizuri inatosha kuwa mtoto wa mazoezi, wa kumkausha na kumhesabia pumzi 40 kwa dakika kwa sauti. Haitakupa taya, lakini itakupa mpangilio na kasi.

Basi nisome noti mara nne badala ya video?

Hapana. Kusoma tena na tena kunadanganya kwa njia ile ile, ila polepole zaidi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine wakavisoma tena. Wengine wakafunga karatasi na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliosoma tena asilimia 42. Na mtihani wa leseni hauji baada ya dakika 5.

Sisi watu wa Lamu hatukuhitaji kungoja mwaka 2006. Nani kati yetu alipita juzuu ya Kurani chuoni kwa kuutazama ubao? Uliandika, ukasoma kwa sauti, kisha mwalimu akauweka ubao kando, ukabaki wewe na kifua chako. Ukikosea unarudi nyuma. Na siku ya pili unasikilizwa ya jana kabla ya kupewa mpya. Kujijaribu, na kurudia kwa kupisha siku: ndizo mbinu mbili ambazo John Dunlosky na wenzake, walipopima mbinu 10 za kusoma mwaka 2013, walizipa daraja la juu. Kupiga mistari na kusoma upya walizipa daraja la chini. Inaniuma kumwona kijana aliyehifadhi kwa njia hiyo akienda chuo cha utabibu na kuiacha mlangoni, akanunua kalamu za rangi.

Mimi ni mtu wa kuona, vitabu havinifai. Si kila mtu na mtindo wake?

Una unachokipenda, kama mtu anavyompenda samaki wa kupaka kuliko wa kukaanga. Lakini mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler na wenzake, walitafuta ushahidi kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo anaoupenda, na hawakuupata wa kutosha kujengea mafundisho. Mafundo ya neva za bega yanataka jicho la kila mtu, na dozi inataka kusomwa na kila mtu. Usijifungie mlango kwa jina ulilojipa mwenyewe.

Video iwe ya urefu gani? Na kuiongeza kasi je?

Fupi. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za masomo mtandaoni, wakaona kwamba mtazamaji wa kawaida hadumu zaidi ya dakika 6, hata video iwe ndefu vipi. Mhadhara wa saa nzima ugawe mwenyewe: dakika 6 au 10, simamisha, andika, endelea. Kuhusu kasi, utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles wa mwaka 2021 ulionyesha wanafunzi hawapotezi mengi hata wakitazama kwa kasi mara mbili. Kupita hapo uelewa hushuka. Hao lakini walisikiliza lugha yao. Kama Kiingereza ni lugha yako ya tatu, baada ya Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, na Kiswahili cha shule, usizidishe kasi kwenye somo jipya. Kwenye marudio, sawa.

Video za Marekani na Uingereza zinafaa huku kwetu?

Kwa umbo la mwili na kazi zake, zinafaa kabisa. Moyo wa mtu wa Boston na wa mtu wa Kizingitini una vali nne vilevile. Kwa matibabu, kuwa macho.

Angalia tarehe. Mwaka 2010 Chama cha Moyo cha Marekani kilibadilisha mpangilio wa kumfufua mtu mzima ambaye moyo umesimama: mwanzo ilikuwa njia ya hewa, pumzi, kisha kukandamiza kifua, sasa unaanza na kukandamiza. Mwaka 2015 kasi ikawekewa mipaka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Video za zamani bado zipo mtandaoni, zimetazamwa na mamilioni, na hazina onyo lolote. Tena usichanganye: mtoto mchanga asiyepumua bado anaanzwa na pumzi. Nimemwona mwanafunzi akianza kumkandamiza kifua mtoto wa sanamu kwa sababu video ya mtu mzima ilikuwa ndiyo ya mwisho kuitazama.

Angalia vifaa. Kwa kifafa cha mimba, video ya hospitali kubwa ya ng'ambo itakuonyesha salfeti ya magnesiamu ikiingia kwa mashine ya kupimia dripu, gramu moja au mbili kwa saa. Kwenye kituo kisicho na mashine hiyo hutumika mpango wa sindano: gramu 4 polepole kwenye mshipa, na gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako, kisha 5 kila baada ya saa 4 ukishahakikisha anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo unatoka wa kutosha. Dawa ni ile ile, njia ni mbili, na anayejua moja tu atasimama pale akitafuta mashine.

Na angalia magonjwa yenyewe. Matende na mshipa wa maji ni maradhi ya pwani hii. Wazee wetu wanayo, majirani wanayo. Katika video za kujiandaa na mitihani ya Marekani yanapita kwa nusu dakika. Wewe unatakiwa ujue kwamba vijidudu vyake huingia kwenye damu ya pembeni usiku, na ndiyo maana damu ya kuvitafuta chini ya hadubini huchukuliwa kati ya saa nne na saa nane za usiku. Ukiichukua saa nne asubuhi, utamwambia mgonjwa hana kitu na huku anacho.

Kwa hiyo dozi na mpango wa matibabu uchukue kwenye miongozo ya Wizara ya Afya ya Kenya, siku zote. Video ikitofautiana na mwongozo, fuata mwongozo, kisha umuulize mkufunzi sababu.

Video zote ni za Kiingereza, na wagonjwa wangu wanasema Kiamu. Nifanyeje?

Washa maandishi ya chini ya video, yanasaidia sana kwa istilahi ambazo hujawahi kuzisikia zikitamkwa. Lakini tatizo kubwa liko upande wa pili, kwenye maneno ya mgonjwa, na hilo hakuna video itakayokutatulia.

Mzee anakuja anasema, "Nna mshipa." Mshipa gani? Yaweza kuwa ngiri, yaweza kuwa maji kwenye korodani, yaweza kuwa maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka. Mwombe akuonyeshe kwa mkono, na umuulize kama huvimba akikohoa au akinyanyua mzigo. Mwingine anasema ana kichomi: anamaanisha maumivu ya kuchoma ubavuni, na waweza kukuta nimonia chini yake. Mama anasema mtoto ameshikwa na nyuni. Anakueleza degedege, kwa jina la ndege anayedhaniwa kuileta. Usicheke, wala usianze kumhutubia habari za ndege na mashetani. Muulize ilianza lini, imedumu kiasi gani, imerudi mara ngapi, mwili ulikuwa wa moto. Ukimdharau atamfunika mtoto na kuondoka, na malaria kali haingoji.

Ninachowaambia wanafunzi: kila video mnayoitazama kwa Kiingereza, ielezeni kwa Kiswahili siku hiyo hiyo, kwa mtu asiyesoma utabibu. Nyanya yako akiuliza "kwani?" na ukakosa jibu, umelipata pengo lako.

Data inaisha kabla ya mada. Nifanye nini?

Saa moja ya video safi hula mamia ya megabaiti. Sura nzima ya maandishi haizidi megabaiti chache. Kwa hiyo data iwekee vile vitu visivyosomeka: sauti, mwendo, mikono. Mhadhara ambao ni mtu amesimama akisoma slaidi, usiulipie. Tafuta slaidi zenyewe.

Teremsha ubora wa picha. Kwa mtu anayeongea, picha hafifu inatosha. Kwa upele wa ngozi au eksirei, ngoja upate mtandao mzuri. Pakua ukiwa chuoni, si ukiwa ndani ya boti ukirudi Faza au Kiunga ambako mtandao unakuja na kwenda. Na gawaneni: watu watano, kila mmoja apakue mada moja, kisha mhamishiane simu kwa simu.

PDF kwenye simu au karatasi?

Karatasi, kwa somo gumu. Uchambuzi wa Pablo Delgado na wenzake wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, ulionyesha watu huelewa maandishi ya maarifa vizuri zaidi kwenye karatasi, hasa wakisoma kwa muda uliopimwa. Sikwambii uchapishe kitabu kizima, gharama najua. Chapisha zile kurasa thelathini zinazokutesa, zingine zibaki kwenye simu. Na simu ukiisomea, zima ujumbe unaoingia.

Naona haya kutazama video za kujifungua nyumbani, baba na kaka zangu wakiwa hapo.

Una haki. Tazama chuoni na wenzako wa kike, au vaa vipokea sauti ukiwa chumbani. Usiziruke tu. Wengi wa mama utakaowahudumia watataka mwanamke awazalishe, na huyo mwanamke ni wewe.

Naweza kumrekodi mgonjwa wodini kwa simu yangu ili nijifunze baadaye?

Hapana. Hata uso usipoonekana, hata nia ikiwa njema. Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini kabla ya sheria kuna stara. Mji wetu ni mdogo. Mkono wenye hina fulani, leso fulani, sauti fulani nyuma ya pazia, na mtaa mzima umeshamjua. Toka wodini, kaa chini, uandike ulichokiona kwa maneno yako bila jina la mtu. Kazi hiyo ya kuandika itakufunza kuliko kurekodi.

Mimi ni mzazi. Mwanangu hushinda na simu, asema yuwasoma. Nitajuaje?

Mama, baba, huhitaji kujua udaktari. Mwambie aweke simu chini na akueleze alichosoma leo, kwa Kiswahili, kwa dakika tano. Akikueleza ukaelewa, alikuwa anasoma. Akisema "ni vigumu kueleza kwa Kiswahili," mpe siku moja, muulize tena kesho. Usimpokonye simu, kwa masomo haya simu ni kitendea kazi. Na ukiweza kuchagua kati ya kumwongezea data na kumnunulia kitabu kimoja kizuri cha mwongozo, mwaka wa kwanza nunua kitabu.

Nianze na nini usiku wa leo?

Chagua kitu kimoja kilichokusumbua wiki hii, kimoja tu. Tuseme ni mtoto anayehara na kuishiwa maji. Tazama video ya dakika chache inayoonyesha ngozi ya tumbo ikibanwa, katikati ya kitovu na ubavu, kisha ikaachwa: ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, hiyo ni dalili ya upungufu mkali. Soma ukurasa mmoja wa mpango wa matibabu. Funga vyote viwili. Kwenye karatasi tupu andika dalili, daraja za upungufu, na maji ya kumpa mtoto wa kilo 10. Fungua kitabu, sahihisha kwa kalamu nyekundu, lala. Baada ya sala ya Alfajiri, kabla ya chai, chukua karatasi nyingine tupu uandike tena. Ukifika wodini, muombe mama ruhusa, nawa mikono, uibane ngozi ya tumbo la mtoto wake kwa vidole viwili, uiachie, na uhesabu.